Mwalimu wa Jana

Hapa Cimpunda, mtaa wetu wa Kadutu katika mji wa Bukavu, walimu wa Kiingereza si haba. Kuna kijana anayefundisha kwa nyimbo, kuna mama aliyesomea Kampala, na kuna wawili au watatu ambao wenyewe bado wanajifunza. Kwa hiyo ukimuuliza mtu njiani nyumba ya mwalimu wa Kiingereza, naye atakuuliza, "Ule gani?" Lakini ukisema Mwalimu wa Jana, hata muuza nyanya ataacha beseni lake ili akuoneshe ngazi za kushukia.

Jina hilo alipewa na sisi wanafunzi wake. Mwanzoni alikunja uso kila alipolisikia. Baadaye alilizoea, na mara moja nilimsikia akijitambulisha hivyo kwa padri mgeni, bila kucheka.

Tulikuwa darasa la watu wazima. Tulikutana alasiri, soko likianza kulegea, katika chumba nyuma ya kanisa chenye mabenchi ya watoto yaliyotubana magoti. Mimi niliuza sabuni na nilitaka kujua Kiingereza ili nikienda kununua mzigo Kampala nisitegemee mdomo wa mtu mwingine. Alikuwapo motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, mwenye mdomo usiochoka. Alikuwapo mfanyabiashara wa vitambaa, Mwislamu wa Uvira ambaye babu zake walitoka pwani. Yeye sote tulimwita Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa. Na wengine walikuja na kwenda, kama mvua.

Mwalimu hakuanza somo kwa kuuliza tulijifunza nini mara iliyopita. Aliuliza jana tulifanya nini. Mmoja alitoa sentensi moja kuhusu jana yake. Aliyeketi kando yake aliipokea hiyo sentensi na kuiongezea nyingine kwa neno la kuunganisha. Hivyo ndivyo tulivyokwenda benchi kwa benchi, mpaka jana ya darasa zima ikawa habari moja ndefu yenye vichekesho ambavyo hakuna aliyevipanga. Motari alimbeba abiria mwenye mbuzi. Mimi nikaongeza kwa "but": lakini mbuzi hakutaka kukaa nyuma. Tonton akapokea kwa "so": kwa hiyo motari alimweka mbele, kwenye tangi. Na mwenzetu wa dirishani, aliyekuwa kimya miezi mingi, akamalizia kwa "and" kwamba mbuzi alikula maua ya bibi harusi aliyekuwa akipita. Siku hiyo Mwalimu alilazimika kuvua miwani na kufuta machozi.

Wacha nieleze jambo lenyewe polepole, kama alivyolieleza yeye, kwa sababu liliwashinda wengi na kumbe si gumu.

Tonton alikuwa na Kiswahili kilichonyooka. Alisema, "Nilienda sokoni, nikanunua chumvi, nikarudi." Tazama vizuri sentensi hiyo. Ile "li" ya mwanzo ndiyo iliyobeba wakati uliopita. Vitenzi vinavyofuata vinakuja na "ka" na vinapanda mgongoni mwa kile cha kwanza. Sisi wa Bukavu tunasema kwa namna yetu, "Nilienda ku soko na kununua chumvi na kurudia," lakini nasi tunafanya lilelile: kitenzi cha kwanza kinataja wakati, vingine vinafuata mikono mitupu. Basi tulipoingia katika Kiingereza tuliingia na tabia yetu. Tulisema "went" vizuri, yaani nilienda. Kisha, baada ya "and", tulitupa "buy" na "come" kama kwamba tulinunua leo, au tutanunua kesho, au hatujaamua.

Mwalimu aliinua mkono, hakupaza sauti.

"Umekosa muzuri," alisema. Hayo yalikuwa maneno yake kwa mtu aliyekosea kwa sababu alikuwa akifikiri. "Umekosa muzuri, mama. Sasa sikiliza. Kingereza iko kama ku shule ya masista. Mutoto wa kwanza anavaa uniforme. Wa pili anavaa. Wa mwisho pia anavaa. Mutu asiingie na chemise ya ku nyumba juu grand frère yake amevaa bien!" Yaani mdogo asiingie na shati la nyumbani eti kwa sababu kaka yake amevaa vizuri.

"Na kama uniforme iko mu maji, Mwalimu?" motari aliuliza.

"Basi ule verbe abaki ku nyumba na mama yake."

Tangu siku hiyo, mmoja wetu akisahau, darasa zima lilinong'ona, "Uniforme!" Naye aliyesahau alirudi nyuma na kukivalisha kitenzi chake: "went", "bought", "came back". Nilienda, nilinunua, nilirudi. Vyote vitatu vimevaa sawasawa, vimeshikana kwa koma na "and" moja karibu na mwisho. Mtendaji wa kitenzi cha pili anapokuwa yuleyule wa kwanza, si lazima umtaje tena. "And" inamkumbuka kwa niaba yako.

Kila neno la kuunganisha alilipa tabia kama jirani. "And" ni mtu wa kujumlisha, haulizi swali. "But" ni shemeji mgomvi, akiingia ujue mambo yanageuka. "So" anakuja na matokeo mkononi. "When" anafungua dirisha: mvua ilinyesha nilipofika. Alilopenda kuliko yote lilikuwa "before", kabla, kwa sababu linakuruhusu kutaja kwanza jambo lililotokea baadaye, na msikilizaji asipotee. Lile asilolipenda lilikuwa "then". Sote tulikuja nalo kutoka kwenye Kifaransa chetu cha mtaani, "et puis, et puis, et puis," na kwenye "halafu" yetu. Alituruhusu moja kwa kila habari. Ukitumia ya pili alianza kutikisa kichwa kama mtu anayesafiri kwenye njia ya Bunyakiri wakati wa mvua, akirushwa huku na huku, na tulielewa.

Kosa la Tonton lilikuwa jingine. Kiswahili kinaturuhusu kusema "ingawa mvua ilinyesha, lakini nilifungua duka." Kiingereza kinataka "although" peke yake au "but" peke yake. Tonton aliyaweka yote mawili kila mara.

"Tonton," Mwalimu alimwambia, "mulango moja unatia kufuli mbili?"

"Mwalimu, kwa Kadutu hii? Mimi hutia tatu."

Hapo somo lilikwisha. Hakuna aliyeweza kulirudisha.

Nisije nikamchora kama mtakatifu. Mvumilivu huyu wa darasani hakuvumilia kuku hata kidogo, na kuku wa jirani walimjua. Alihesabu kwa Kifaransa, alisali kwa Kimashi, aligombana na kuku kwa Kiswahili, na Kiingereza alikiweka kwa ajili ya jana. Hakuwahi kuishi katika nchi inayokisema. Alijifunza lugha hiyo kutoka kwenye redio, akiwa kijana, na ndiyo maana alikitamka kama mtangazaji: hata alipokuomba chaki, ungefikiri serikali imeanguka mahali.

Na alikuwa mtu wa salamu. Kutoka nyumbani kwake mpaka chumba cha darasa ni mteremko mfupi tu, lakini alitoka mapema kama mtu anayesafiri. Alisimama kwa kila mlango. Habari ya mchana, ya watoto, ya mgongo, ya yule aliyelazwa, ya bati lililong'oka. Alisubiri kila jibu. Mtu akijibu haraka haraka, alibaki amesimama mpaka ajibiwe vizuri. Nilimwona siku moja akiwa amesimama mbele ya fundi viatu aliyekuwa na misumari mdomoni, akisubiri misumari iishe.

Jambo jingine lilitushangaza. Mtu huyu aliyetaka jana ya kila mmoja wetu hakuwahi kutoa yake. Motari alimchokoza.

"Na weye, Mwalimu? Jana ulifanya nini?"

"Jana yangu nilikuwa na ninyi. Munaijua."

"Na dimanche?"

"Dimanche ni ya Mungu."

Mkewe ndiye aliyekuwa na maneno ya nyumba ile. Tulimwita Maman Mwalimu. Aliuza sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, na alipopita mlangoni na beseni kichwani alichungulia ndani na kutuambia, "Munakaa saa yote kusemea jana. Na maji ya leo, nani atateka?" Mwalimu alijifanya hakusikia, lakini tulimwona akitabasamu ubaoni, mgongo kwetu. Kiingereza mkewe hakukijua hata neno. Hata hivyo, binti yao alipokwenda Kanada, akaolewa huko na kuzaa mtoto wa kike, Maman Mwalimu ndiye aliyezungumza na mtoto huyo kwenye simu. Alimpigia makofi, alimwimbia, alimtengenezea sura ya samaki, alimwonesha samaki mwenyewe. Mtoto alicheka mpaka akaanguka kutoka kitini. Mwalimu alikaa pembeni na kutafsiri mambo yasiyohitaji kutafsiriwa.

Kisha Maman Mwalimu alifariki, na simu ikabaki na Mwalimu peke yake.

Hapo ndipo nilipoanza kwenda kwake Jumapili. Ilikuwa miezi ile migumu ambapo, kwa kukosa usalama, shule zilifungwa na watu waliwahi kurudi nyumbani. Darasa letu lilikuwa limepungua mpaka likatosha sebuleni kwake, na mimi nilikuwa nimeanza kuwashika mkono wale waliokuwa wapya. Baada ya misa nilipita kumjulia hali, na mara nyingi nilikuta simu imeegemezwa kwenye kikombe cha chai na mjukuu yuko kwenye kioo. Bintiye alimfundisha mtoto amwite Koko, kama tunavyowaita mababu huku. Zaidi ya neno hilo, mtoto alijua Kiingereza tu.

Ungedhani hapo ndipo Mwalimu angeng'ara. Nilisikiliza kwa masikio yangu. Alimuuliza hajambo. Mtoto akajibu kwa neno moja. Akamuuliza habari ya masomo. Neno moja. Ya mama yake. Neno moja. Ya baridi ya huko.

"Baridi," mtoto alijibu kwa Kiingereza chake, akitazama kando.

Kisha bintiye alishika simu, wakaongea mambo ya dawa na ya paa, na Jumapili ikaisha.

Unaona kilichotokea. Alikuwa amezibeba salamu zetu zote, pamoja na kusubiri kwake kote, akaziweka mbele ya mtoto ambaye kwake hizo zilikuwa maswali ya kujibu upesi ili aendelee na mchezo. Kwetu, salamu ndefu ni upendo wenyewe. Huko ilikuwa kama kuitwa ubaoni. Na ndani ya salamu hakuna "and", hakuna "but", hakuna "so". Ni maswali yaliyopangwa moja moja, na hakuna linaloshika mkono wa jingine.

Siku moja, simu ilipokatwa, alibaki ameitazama.

"Mimi niko picha tu mu ile simu," alisema. "Siku moja batamwambia, Koko amekufa, na yeye atauliza, Koko gani? Ule wa baridi?" Alicheka kidogo, kisha hakucheka. "Mimi, haizuru. Muzee ni muzee. Lakini bibi yake, muke wangu... Ameisha kumusahau. Alikuwa mudogo sana. Nani atamwambia?"

"Mwambie weye, papa. Si unajua kusimulia? Unatufundisha kila siku."

"Nimwambie vipi? Mutoto hajaitikia salamu, nitaingia je mu nyumba yake?"

Nilielewa kabisa. Hata mimi siwezi kuingia kwa mtu nikaanza habari kabla hajaniambia ameamkaje. Nilikunywa chai yangu, nikamsifu mkate, nikaondoka. Na wiki zilizofuata nilimwona akijiandaa kwa Jumapili kama mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani: shati limepigwa pasi, ndevu zimenyolewa, kiti kimesogezwa penye mwanga. Kisha hajambo, masomo, mama, baridi.

Mara ya mwisho nilipomkuta ilikuwa pia Jumapili, alasiri. Asubuhi kulikuwa na mvua ile ya Bukavu inayogeuza kila njia ya Cimpunda kuwa utelezi. Nilishuka kwa kushika kuta za watu, na maparachichi kwenye mfuko. Mlango ulikuwa wazi. Mwalimu alikuwa uani, ameinama juu ya beseni, anafua suruali. Kiunoni alikuwa amejifunga kitenge cha marehemu mkewe, cha manjano, chenye ndege wakubwa wa buluu.

"Karibu, mama. Usicheke."

"Sicheki, papa."

"Unacheka."

"Kidogo."

Alinieleza kwamba aliteleza akitoka misani, mbele ya kwaya nzima. Suruali yake ya pili ilikuwa bado mbichi. Kitenge ndicho kilichokuwa juu ndani ya sanduku. Nilimpokonya beseni nikaanza kukamua, na hapo simu ikalia mezani. Alikausha mikono kwenye wale ndege, akakimbilia ndani, akabonyeza. Alisahau kuiegemeza kwenye kikombe. Aliishika mbali, kwa mkono ulionyooka, kama tufanyavyo wazee tusioona karibu. Mtoto alimwona mzima, kutoka kichwani mpaka miguuni.

Mwalimu alifungua mdomo aanze salamu.

"Koko," mtoto alisema kwa Kiingereza, "mbona umevaa gauni?"

Nilisimama mlangoni na suruali mkononi. Waliongea Kiingereza, nitaandika kwa Kiswahili, kwa sababu ndivyo ninavyoyakumbuka.

"Si gauni," Mwalimu alisema. "Nilianguka."

"Ulianguka wapi?"

"Kwenye matope. Mvua ilinyesha, na nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani, kwa hiyo niliteleza, na nilikaa chini mbele ya watu wote waliokuwa wakiimba."

Mtoto alicheka. Kilikuwa kicheko kile cha zamani, cha samaki. Mwalimu aliisogeza simu karibu, kisha akaisogeza mbali tena.

"Waliacha kuimba?"

"Hapana! Waliendelea, lakini sauti zao zilikuwa zinatetemeka, kwa sababu walikuwa wanacheka."

"Ndege hao ni wa nani?"

Mwalimu alitazama chini, kwenye kitenge, kana kwamba ni mtu mwingine aliyemfunga.

"Wa bibi yako," alisema. Niliogopa atarudi kwenye salamu. Akavuta kiti, akaketi.

"Tulikuwa vijana. Tulikwenda Kalehe kumwona shangazi yake, na tulitaka kurudi kwa mashua. Tulifika ufukoni mapema, lakini kabla hatujapanda, bibi yako aliwaona ndege hawa. Mama mmoja alikuwa anawauza. Nilimwambia mashua inaondoka. Aliniambia, dakika moja. Alishika kitambaa, alikikunja, alikikunjua, alikataa bei, aliondoka, alirudi. Nilipiga kelele. Mashua ilipiga honi. Alipomaliza kununua, mashua ilikuwa ndogo hivi." Alionesha kwa vidole viwili.

"Iliwaacha?"

"Ilituacha. Nilikasirika sana, kwa hiyo nilikaa juu ya jiwe na sikumwambia neno. Nilikusudia kukasirika mpaka asubuhi. Hapo mvua ilianza kunyesha, na hatukuwa na mwavuli. Bibi yako hakusema samahani. Alikuja, aliketi kando yangu kwenye jiwe, alikunjua kitambaa kipya ambacho hakijawahi hata kuvaliwa, na alitufunika wote wawili, kichwa changu na chake. Mle ndani kulikuwa na mwanga wa manjano. Nilitaka kuendelea kukasirika, lakini—"

Kioo kikasimama. Uso wa mtoto ulibaki pale, mdomo wazi, macho kwa babu yake, kisha ukapotea.

"Réseau," Mwalimu alisema.

Tulisubiri kidogo. Mtandao ukikatika huku, bintiye hutuma ujumbe kwamba wataonana wiki ijayo, na ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mtoto huwa tayari amekwenda kucheza. Mwalimu aliiweka simu mezani uso chini. Alipapasa ukingo wa kitenge, akakaza fundo kiunoni.

"Basi. Ni dimanche ingine," alisema. "Leta ile pantalon, mama, nianike."

Nilikuwa namkabidhi suruali simu ilipolia. Aliigeuza. Kwenye kioo hakukuwa na bintiye. Kulikuwa na pua moja kubwa na nusu ya jicho, karibu mno, kama za mtu aliyeinyakua simu mikononi mwa mama yake na kukimbia nayo. Mwalimu hakuwahi hata kusema haloo.

"Lakini nini, Koko?" mtoto aliuliza. "Lakini nini?"